Chumba Walichokiita Redio

Mtu niliyetaka kumwona akiaibika mbele ya watu alikuwa naibu wa mwalimu mkuu katika shule moja ya kutwa kule Kibera, na nilimwona. Nilimwona akitafuta mahali pa kuweka mikono yake. Sitasema uongo kwamba sikufurahi. Nimepita miaka sabini, magoti yangu hayataki tena kupanda ngazi, lakini nikiukumbuka uso wake siku ile mwili wangu wote unapata joto. Shida ni kwamba furaha hiyo niliipata kwa kutumia kitu ambacho hakikuwa changu. Ndiyo sababu naandika.

Mimi ni fundi wa mbao. Nilimaliza kidato cha nne kule Machakos nikaja Nairobi kutafuta kazi ya ofisi, nikaishia kwenye randa na msumeno. Kwa miaka mingi nilikuwa na karakana Silanga, huko huko Kibera, upande wa bwawa, nikitengeneza vitanda, milango na mabenchi ya kanisa. Nyuma ya karakana nilijenga vyumba vitatu vya mabati. Kimoja nililala mimi, cha pili alilala binti yangu na msichana wake, cha tatu nilikipangisha. Binti yangu huuza mboga. Mume wake hakukaa. Huyo mjukuu nilimlea mimi, na alijua kusoma futikamba kabla hajajua kusoma kitabu.

Alipoingia kidato cha kwanza katika shule hiyo, iliyo karibu na Ayany, wazazi walinichagua kwenye kamati. Walinichagua kwa sababu ya nyundo yangu. Madawati yalivunjika kila wiki na mimi sikuwa naringa.

Katika kikao chetu cha kwanza tuliambiwa kwamba wasichana lazima wawe na mahali pa kupata ushauri nasaha. Mwalimu mkuu, mama mpole aliyependa mambo yaishe haraka, alisema hakuna chumba cha ziada. Kilichokuwepo ni ofisi ya naibu wake, ambayo ilikuwa kubwa kupita kazi yake. Ikaamuliwa ikatwe katikati kwa ukuta wa mbao. Upande mmoja akae naibu, upande wa pili wakae wasichana na mwalimu wao wa ushauri.

Mwenyekiti wetu, mama anayeuza mitumba soko la Toi, aliuliza swali ambalo mimi fundi ndiye niliyepaswa kuuliza.

"Na huo ukuta utaziba sauti?"

Naibu alinitangulia kujibu. "Mama, kwani hapo ni benki? Ni watoto tu wanaongea."

Watu wakacheka. Mimi nikaongeza langu. "Msichana kama hana kitu cha kuficha, ataogopa nini? Na kama anacho, si afadhali sisi wazee tujue?"

Wachache walipiga makofi. Mwenyekiti alinitazama kidogo. "Sawa, fundi," akasema. "Wewe ndiye una msichana hapa." Akafunga daftari lake.

Huyo naibu tulikuwa tunasali kanisa moja. Nilipoanza kazi alikuja na kikombe chake cha chai akasimama nyuma yangu.

"Mzee, usifikishe hizo mbao juu kabisa. Acha wazi kama futi mbili hivi, hewa ipite."

"Hewa si itapita dirishani, mwalimu?"

"Dirisha liko upande wao. Unataka mimi nipikike huku?"

Fundi yeyote wa mbao anajua kwamba ukuta usiofika darini unazuia macho peke yake. Nilijua hivyo nikiwa nimeshika msumeno. Nilipima futi mbili kutoka juu, nikapiga mstari, nikakata. Nikapiga msasa, nikapaka vanishi mara mbili. Kila mtu aliyepita alisema kazi ni safi, na kweli ilikuwa safi.

Mwalimu wa ushauri alikuwa mwanamke mdogo aliyefundisha Kiswahili na somo la dini. Hakuna aliyempunguzia vipindi. Aliwaona wasichana saa ya chakula cha mchana, wao na sahani zao za githeri mapajani, na kengele ikilia alikimbia darasani. Simlaumu. Alinijia mara moja nikitengeneza dawati uani, akaniuliza kwa sauti ya chini kama ningeweza kuongeza mbao pale juu. Nilimwambia akamwulize naibu. Hakurudi tena.

Muda si mrefu baadaye wasichana wawili wa kidato cha tatu walikuja karakana kuchukua kiti cha mama yao. Mmoja alikuwa amevimba macho. Walikuwa wanaongea kana kwamba mimi ni mojawapo ya mbao.

"Sasa umeamua aje? Utaenda redio?"

"Redio gani? Ndio nisikike mpaka Kawangware? Zii."

Nikauliza, "Kumbe shule yenu ina redio?"

Wakatazamana. "Iko, mzee," akasema yule wa kwanza. "Inashika poa sana."

Walitoka wakicheka, hata yule wa macho mekundu. Mimi nilifurahi. Jumapili nilimpa naibu mkono wa hongera kwa kuwaanzishia watoto redio. Alisema hana habari nayo, labda ni chama chao tu cha mambo ya kuigiza.

Sasa niseme habari za mpangaji wangu. Alikuwa mtu wa kwetu, shemasi wa kanisa letu, mwenye sauti nzuri ya kusoma Maandiko. Nilimpa chumba cha tatu bila kumwuliza maswali. Mtu wa nyumbani akija Nairobi na kukuita ndugu, sisi hatumwulizi barua. Nilimwachia hata ufunguo wa mlango wa ua.

Mjukuu wangu alinijia mimi kwanza. Nataka hilo lijulikane. Alisimama kando ya meza yangu ya kazi akiwa na sare ya shule, akasema, "Babu, huyo shemasi akinipata peke yangu anasimama mlangoni. Nikimwambia nataka kupita hatoki. Na ananiambia maneno."

Nilikuwa napiga randa ubao wa mlango wa mtu aliyekuwa ananiharakisha. Sikusimamisha mkono. "Msalimie vizuri," nikamwambia. "Ni mkubwa wako."

Alingoja kidogo, kisha akaenda. Wiki hiyo hiyo aliingia kwenye kile chumba na sahani yake ya githeri, akamwambia mwalimu wa ushauri yote.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, naibu alinishika kiwiko akanivuta kando ya tangi la maji.

"Mzee, naongea na wewe kama ndugu. Msichana wako anakuchafua. Anasema umeweka mwanamume hapo kwako anayemsumbua, na wewe umenyamaza."

"Amesema wapi?"

"Usijali wapi. Mimi nasikia mengi. Wewe tunza nyumba yako."

Katika maneno yake yote nilichukua neno moja tu, kwamba nachafuliwa. Hilo la msichana kusumbuliwa lilinipita kama kelele za barabarani. Nilitembea kutoka kanisani hadi nyumbani nikihesabu watu ambao pengine wameshasikia.

Mchana ule ule nilimwita shemasi, nikamketisha kwenye kiti changu kizuri. Nikamwita mjukuu wangu asimame mbele yake. Mama yake alikuwa anachambua mboga mlangoni.

"Mwombe mzee msamaha," nikasema.

"Kwa nini, babu?"

"Kwa kumsema vibaya shuleni."

Hakumtazama shemasi. Alinitazama mimi. "Nani amekuambia?"

"Omba msamaha."

Binti yangu aliweka kisu chini. "Baba, ngoja kwanza tumsikie mtoto." Nikamwambia anyamaze, hapa ni kwangu.

Mtoto akapiga magoti. Mimi sikuwa nimemwagiza apige magoti, lakini nilimwona akishuka na sikumzuia. Akasema, "Nisamehe, mzee." Na shemasi akanyoosha mkono, akamwekea kichwani, akambariki.

Ule mkono. Nimesahau majina ya watu niliofanya nao kazi miaka kumi, lakini ule mkono nauona na kucha zake.

Karibu wiki tatu baadaye mvua ilimrudisha binti yangu mapema kutoka kwenye mboga zake. Alimkuta shemasi ameziba mlango wa chumba chao, mkono mmoja kwenye fremu. Msichana alikuwa ndani, nyuma ya meza, ameshika mwiko.

"Nilikuwa naomba chumvi tu," shemasi akasema.

"Chumvi unaombea ndani ya chumba cha mtoto? Toka hapo mlangoni." Kisha akaniita kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, tangu azaliwe.

Nilitoka karakana na nyundo mkononi. Shemasi hakukimbia. Alianza kunieleza, "Ndugu yangu, huyu mtoto unamjua ana mdomo," na hapo ndipo nilipofunguka macho, kwa sababu alisema akitabasamu. Alijua nitamwamini. Nilikuwa nimeshamwamini mara moja, mbele ya watu, kwenye kiti changu.

Nilitupa godoro lake matopeni. Nikatupa sanduku, viatu, na Biblia yake nayo nikaitupa, Mungu anisamehe. Nilipiga kelele hadi majirani wote wakatoka. Jirani mmoja, mama wa makamo, alisema, "Mshikeni huyo, apelekwe polisi." Mimi nikasema, "Mwacheni aende, sitaki kumwona." Nilitaka nione visigino vya viatu vyake. Akaenda. Akapotea na mvua, na kwa hasira yangu nilikuwa nimemfungulia njia.

Kesho yake nilimketisha mjukuu wangu karakana. Nilijaribu kuomba msamaha nikaona maneno hayaji, basi nikauliza mambo mengine.

"Lakini kwa nini ulienda kumwambia naibu?"

"Depyuti? Mimi sijawahi kuongea na depyuti maisha yangu. Niliongea na madam. Kule redio."

"Redio?"

"Babu, kwani hujui?" Alinitazama kuona kama namfanyia mzaha. "Redio ni kile chumba ulijenga. Wote wanakiita hivyo. Ukiongea huko umeenda hewani. Fomu One hatukuwa tumeambiwa. Mimi niliingia nikaongea kama mjinga, na depyuti yuko tu hapo upande wa pili, anakunywa chai."

Wasichana walikuwa wamejua. Walikuwa na neno kamili la kile nilichokifanya kwa msumeno wangu, wakalisema mbele yangu, na mimi nikaenda kumpa naibu hongera.

"Naomba kitu kimoja," akasema. "Usinitaje tena. Kwa mtu yeyote. Hata kama unanitetea. Mambo yangu yamezunguka vya kutosha."

Nikamwahidi. Nilimshika mkono nikamwahidi.

Tangu siku hiyo sikulala vizuri wala kula vizuri, na mawazo yangu yote yalikuwa kwa naibu. Shemasi alikuwa ameshatoroka, huyu alikuwa karibu. Kila Jumapili nilimwona amefumba macho wakati wa maombi na nikatamani benchi livunjike chini yake. Nilifikiria kumpiga. Niliona haitoshi. Nilitaka alichokifanya kimpate yeye mwenyewe, mahali pale pale, kwa njia ile ile. Nikapanga kisasi changu kama ninavyopanga kabati, nikianza na vipimo.

Nilimwambia mtu mmoja tu, mwenyekiti wa mitumba. "Siku ya kikao fika mapema. Waingize wenzako kwenye ofisi ya naibu, na mwalimu mkuu pia. Mkae kimya dakika kumi."

"Kuna nini huko?"

"Utasikia mwenyewe."

"Fundi, wewe siku hizi unanitisha," akasema. Lakini alifika mapema.

Siku hiyo nilimngoja naibu langoni. "Mwalimu, nina jambo la nyumbani," nikamwambia. "Tuongee hapo kwa wasichana, kumetulia." Kile chumba kilikuwa na mlango wake wa upande wa uwanja, kwa hiyo hakupitia ofisini kwake.

"Leo ni wewe unataka ushauri nasaha?" Alicheka akaketi kwenye kiti cha mwalimu. Mimi nikakaa kwenye kile cha wasichana.

Upande wa pili kitu kililia kidogo. Akageuza sikio.

"Ni mbao," nikamwambia. "Jua likiwaka zinajikunja."

Akatulia. Nikaanza. "Nilitaka kukushukuru kwa ile habari ya mjukuu wangu."

"Usinishukuru. Hata mimi ni mzazi."

"Nashangaa tu ulijuaje. Wasichana siku hizi wanaficha."

"Wanaficha?" Akaonyesha juu kwa kidole. "Mzee, si wewe ndiye ulinijengea? Nikikaa kwa meza yangu napata kila kitu. Nani ana mpenzi, nani mama yake anakunywa, nani anaogopa kurudi nyumbani. Siulizi mtu. Halafu nikiwaita ofisini wanashangaa huyu mwalimu ni nabii ama nini."

"Na wazazi unawaambia?"

"Baba zao. Wale wenye akili. Akina mama ukiwaambia watakuletea kilio tu."

Hapo palitosha. Nalisema hili bila kujificha. Kila neno nililolihitaji lilikuwa limepita juu ya mbao zangu na kuingia katika masikio niliyoyapanga mwenyewe. Ningesimama wakati huo, mjukuu wangu angekuwa salama. Lakini nilikuwa nimeonja, na nilitaka azame hadi kichwa kisionekane.

"Na wangu alisema nini hasa?" nikamwuliza. "Niambie yote."

Akaniambia yote. Aliigiza sauti yake, nyembamba, ya kulialia. Alisema habari za mlango na za maneno ya shemasi. Kisha akasema jambo ambalo sikulijua. "Akasema, 'Nikimwambia babu tena atanichapa, kwa sababu huyo mtu anampenda kuliko mimi.'" Alicheka kidogo. "Watoto hao, mzee. Wanajua kuongea."

Nilimwacha amalize. Ndipo zikagongwa mbao kutoka upande wa pili, mara tatu, na sauti ya mwenyekiti ikaja kutoka juu.

"Mwalimu, hata huku tunasikia vizuri."

Sura yake nimeshaieleza. Niongeze tu kwamba aliinua macho akaangalia ile nafasi ya futi mbili kama mtu anayeiona kwa mara ya kwanza, na mikono yake ikapanda kwenye tai, ikashuka mifukoni, ikatoka tena. Mwalimu mkuu, yule mpole, alimwambia kupitia ukuta, "Njoo ofisini kwangu." Nilibaki kwenye kiti kidogo nikasikiliza viatu vyake vikienda. Nilikuwa na raha ambayo sijawahi kuipata kanisani.

Upande wa pili walikuwa watu sita. Wawili kati yao waliishi Silanga. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Walihuzunika, na mtu aliyehuzunika huongea. Jumamosi, wanawake waliokuja kununua mboga walimshika binti yangu mkono. "Pole mama, kwa hayo ya msichana. Tunamwombea." Alirudi nyumbani na mafungu yake ya sukuma yakiwa hayajauzwa.

"Baba, umefanya nini?"

Nilikuwa sijafika nusu ya maelezo wakati mjukuu wangu alipoingia. Alisikiliza akiwa amesimama.

"Ulinitaja?" akauliza.

"Si mimi niliyekutaja. Ni yeye."

"Nani alimwuliza?"

Aliingia chumbani, akatoka na sare yake ya shule imekunjwa, akaiweka juu ya meza yangu ya kazi, katikati ya maranda. Hakurudi katika shule ile tena.

Naibu hakufukuzwa. Alipewa barua akahamishwa, na nasikia huko alikoenda wanamheshimu sana. Sijamsamehe na siombi moyo wa kumsamehe. Namtakia kwamba katika kila ofisi atakayokaa aongee kwa kunong'ona, asimwamini hata mpishi wa chai, na mtu akikohoa nje ya mlango chai imwagikie shati lake. Mwanzoni hiyo ndiyo iliyokuwa sala yangu ya jioni. Siku hizi naisali mara chache, kwa sababu nikifika katikati naikumbuka ile sauti nyembamba, na nakumbuka ni mimi niliyeomba kuisikia.

Binti yangu alimchukua mtoto wakahamia Kabiro, Kawangware, ambako hakuna aliyewajua. Karakana nilimwachia fundi mwenzangu nikawafuata. Nilipata chumba katika plot ile ile ya vyumba vya kupanga, milango minne kutoka kwao. Binti yangu alinieleza masharti tukiwa kwenye kamba ya nguo. "Chakula nitakuletea. Lakini kwetu utabisha hodi kama mtu mwingine, na ukisikia kimya, rudi kwako."

Msichana alikaa nyumbani zaidi ya muhula mzima. Alisema atasoma ikiwa hataulizwa kitu. Mama yake alizunguka hadi akapata shule yenye mshauri wa kweli, mwanamke mtu mzima ambaye zamani alikuwa muuguzi. Mwanamke huyo aligawiwa shule kadhaa, hapo alikuja siku mbili tu kwa wiki. Nilipita nje ya uzio siku hizo nikawaona wasichana wamejipanga ukutani wakimngoja. Kengele ya kurudi darasani ililia na wengine walikuwa hawajaingia. Walirudi na mambo yao, wakayabeba hadi siku nyingine. Nilitafuta mgongo wa mjukuu wangu katika ule mstari, sikuuona.

Wakati huo nilikuwa nimeshajua shemasi yuko wapi. Alikuwa kwetu Machakos, anahubiri katika kanisa dogo ambako hakuna aliyemjua kwa mabaya. Nilinoa patasi yangu pana nikaifunga kwa kitambaa. Kabla ya kusafiri nilitaka jambo moja tu, nilitaka kujua kama mtoto ameanza kuongea na mtu. Nikaenda kwa mshauri.

"Nataka kujua kama mjukuu wangu amewahi kuja hapa," nikamwambia.

"Karibu uketi, mzee. Siwezi kukuambia kama amekuja au hajaja."

"Mimi ni babu yake."

"Nimekusikia."

"Nimemlea mimi."

"Hilo ni jambo zuri. Bado siwezi."

Nilikasirika. Nilimwambia kila kitu nilichotaka kukifanya, shemasi, patasi, hata basi nitakalopanda. Hakuandika neno. Nilipomaliza aliuliza, "Hayo unayataka wewe. Yeye anataka nini?"

"Ni mtoto. Atajua nini anataka?"

"Basi nikuulize hivi. Ukishikwa na hiyo patasi, ni nani ataitwa polisi kueleza kwa nini babu yake alifanya hivyo? Mbele ya watu wangapi?"

Nilitoka bila kuaga. Nilifika kwangu nikaifungua patasi, nikaitazama muda mrefu. Nilikuwa karibu kumpandisha mtoto yule hewani mara ya tatu. Sikusafiri. Sisemi nilitulia. Nilikaa tu na hasira yangu chumbani, kama mtu anayekaa na mgonjwa.

Muhula uliofuata, Alhamisi moja, binti yangu aliniletea chakula na hakuondoka mara moja. "Kesho anaenda kuandikisha taarifa juu ya yule mtu," akasema. "Amesema mwenyewe anataka. Yule mama mshauri anaenda naye."

"Nami nitakuja."

"Muulize yeye."

Sikumwuliza. Nilivaa koti langu la kanisani nikawafuata hadi kituo cha polisi. Mlangoni msichana aligeuka. Alikuwa amerefuka, kichwa chake kilikuwa sawa na changu.

"Babu, wewe kaa hapa nje."

"Lakini mimi ni shahidi. Mimi ndiye nilimleta yule mtu kwetu."

"Najua. Ukiitwa utasema yako. Yangu nasema mwenyewe."

Wakaingia watatu, yeye, mama yake na mshauri. Nilikaa kwenye benchi la zege pamoja na watu waliopoteza vitambulisho. Kila mlango ulipofunguka nilisimama nikidhani naitwa. Hakuna aliyeniita. Nilijaribu kukisia amefika wapi, kama ameshafika kwenye siku ya msamaha, kama amewaambia ni nani alimsimamisha pale na ni nani alimwona akipiga magoti.

Walipotoka macho yake yalikuwa mekundu, lakini alikuwa anaongea, anaongea haraka, akimwambia mama yake ana njaa na anataka chapati. Walitangulia barabarani. Mimi nikafuata nyuma yao hatua chache, na sikuuliza.

Shemasi alishikwa wiki iliyofuata. Nimeitwa mahakamani. Nitamwona uso kwa uso, jambo nililolitamani kuliko usingizi, na naomba Mungu anipe nguvu za kumkodolea macho hadi aangalie chini. Lakini siku hiyo msichana atasimama kusema maneno yake, na katika maneno hayo mimi nipo. Sijui amenielezaje. Nitayasikia kwa mara ya kwanza nikiwa nimeketi chumba kimoja na shemasi, na sitakuwa na haki ya kumwambia mtoto anyamaze.